YAH: Pampu ya dizeli mliyosema imekufa, na maneno niliyoambiwa mbele ya wateja

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima, japo mimi kwenu heshima sikuiona. Jobukadi yangu, ile karatasi ya kazi ya gari, mnayo na utaratibu wenu wa kumwonesha mteja spea iliyotolewa mmeubandika wenyewe pale kaunta, kwa hiyo naenda kwenye hoja.

Hiace yangu ya injini ya 3L ililetwa na shida moja, asubuhi haiwaki, dereva anapiga stata mpaka betri inachoka, ikiwaka inatoa moshi mweupe na kumisi, yaani injini inakatakata, na akipanda mlima wa Sakina na abiria inakosa nguvu kama mtu anaikatia mafuta. Mkasema pampu imekufa. Mlipimaje? Risiti imeandikwa kupima kwa kompyuta 70,000. Jamani, pampu ya 3L ni ya makenika, haina kompyuta ya kuchomeka hiyo mashine yenu, sasa mlisoma nini?

Nilivyokuja kuomba nioneshwe majibu ya tesiti benchi, ile mashine ya kupimia pampu, fundi mkuu wenu akatoka anafuta mikono akasema mbele ya wateja, "Mama, rudi kwenye maandazi yako, magari tuachie sisi." Watu wakacheka. Mimi nina wajukuu.

Nikalipa 1,350,000 ya pampu nyingine juu ya ile 70,000, na gari limeshakaa kwenu siku 11 bila kuingiza hata shilingi. Likatoka Jumamosi. Jumatatu alfajiri shida ileile, stata, moshi mweupe, misi, yaani ileile na pampu mpya ndani!

Aliyelitengeneza ni kijana ana gereji chini ya mti kule Ngaramtoni. Pampu hakuigusa. Alichomoa mpira unaoleta dizeli kwenye pampu, akaweka mwingine akautumbukiza kwenye kidumu cha dizeli safi, gari likawaka na kutulia palepale. Akasema mama, pampu inafanya kazi, ugonjwa uko kati ya tenki na hapa. Akafunga kipande cha mpira unaoonesha ndani, tukaona mapovu yanapita. Raba ya hendi pampu, ile ya kusukuma mafuta kwa mkono pale juu ya filta, ilikuwa imechanika, na kwa vile pampu ya dizeli inavuta mafuta yenyewe toka kwenye tenki, tundu la hapo linaweza lisidondoshe dizeli, linaingiza hewa tu, gari likilala mafuta yanarudi tenki ndo maana asubuhi linagoma. Hata saa moja haikuisha. 45,000 na spea yake.

Na hapo ndo roho inaniuma, maana siku ile kaunta sikuja na fujo, nilikuja na jambo hilohilo. Dereva alikuwa ameshaniambia akipampu kwa mkono linawaka, nikamuuliza fundi wenu vizuri tu, kwani haliwezi kuwa linavuta hewa? Ndo akanijibu habari za maandazi, usoni hata hakunitazama, anafuta mikono tu, binti wa kaunta anacheka, na dereva wangu amesimama pembeni anaangalia chini kwa aibu yangu mimi. Rudi kwenye maandazi yako. Maandazi hayo ndo yamenunua hilo gari, miaka tisa naamka saa tisa usiku.

Nataka 1,420,000 yangu yote. Nataka pia hesabu ya siku 11, 60,000 kwa siku, ni 660,000. Na pampu yangu nirudishiwe, maana ile mliyonionesha kwenye beseni imefunguliwa vipande na kibati cha namba haina, siitambui, yangu mmeipeleka wapi? Pampu yenu njooni mchukue. Na huyo fundi aniombe radhi palepale kaunta wateja wakiwepo, sio kwa simu.

Nilipanga kuwapa siku 14, ila hapa ninapoandika naona 7 zinatosha. Zikipita naenda Tume ya Ushindani na risiti zangu zote, kisha mahakamani, na huko nitadai na usumbufu. Kijana wa Ngaramtoni amekubali kuja kusema alichokiona, na raba iliyochanika ninayo kwenye mfuko wa nailoni.

Mimi mteja wenu,
Mwenye Hiace