Barua kwa kaka yangu aliyeko Maskati: kibao cha Baba hakikuwa kuni

Kaka, shikamoo. Natumai wewe na shemeji na watoto hamjambo, na joto la huko limewapungukia. Huku tuko wazima. Kijana wako anakula vizuri, analala mapema, na kerezo, ile mashine ya kuzungusha mti unapochongwa, ameanza kulizoea.

Sauti uliyomtumia nimeisikia. Alinisikilizisha mwenyewe, si kwa fitina. Alitaka tu kujua amfuate nani. Umemwambia aachane na jigi, kile chombo cha kushikia chuma kinaponolewa, kwamba jigi ni mkongojo wa asiyejua kutembea, na kwamba babu yake alinoa kwa mkono mtupu maisha yake yote. Ningeweza kukupigia simu tukayamaliza. Lakini maneno hayo hayo uliyasema siku ya hitima ya Baba, wazee wamekaa kwenye mikeka, nami nikanyamaza kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu na nyumba ilikuwa na msiba. Ulinisema mbele za watu, na mbele za watu nakujibu, kwa adabu zote.

Maisha yake yote? Hapana, Kaka. Wewe uliondoka 2007. Baba uliyemwacha ni kweli alinoa kwa mkono. Namkumbuka kama unavyomkumbuka: kidole gumba chini ya chuma, kiwiko kimebana ubavu, kichwa kimeinama upande kusikiliza jiwe la kunolea. Akijua kwa sauti kwamba makali yamefika. Kisha anatazama cheche. Zikianza kupita juu ya ncha badala ya kuishia chini yake, anaondoa chuma. Hayo yote aliyokufundisha wewe alinifundisha na mimi. Lakini Baba hakufa 2007. Aliendelea kuishi na kufanya kazi, na kuna mambo aliyabadilisha wewe hukuwepo kuyaona.

Unaikumbuka giza ile kubwa, ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari kutoka bara ulipokufa, Unguja nzima ikakaa bila umeme. Ulikuwa ukituma pesa za mafuta ya jenereta, na sitasahau fadhila hiyo. Mama alikuwa akikuombea dua kila magharibi. Ila ile jenereta ya kuazima haikuweza kulisukuma kerezo na kuwasha friji kwa wakati mmoja, na friji ilikuwa na samaki wa biashara ya Mama. Basi kerezo likanyamaza. Baba hakuwa mtu wa kukaa barazani. Kwa msumeno wa mkono, patasi na tupa, akatengeneza kile kitu alichokuwa amekiona kwa fundi mgeni aliyekuja kukarabati ngazi za hoteli Mji Mkongwe. Chuma akapeleka kwa mchomeleaji, mbao akafanya mwenyewe. Umeme uliporudi, jigi ilikuwa tayari imefungwa kwenye benchi.

Na sababu unaijua ukitaka kuijua. Tulikuwa wanagenzi watatu pale bandani, na kila mmoja akiipeleka bobari, ile patasi yenye mfereji, kwenye jiwe anairudisha na sura yake. Mmoja analaza sana, mwingine anasimamisha. Nguzo za ngazi moja, za nyumba moja, zilikuwa zikitoka na viuno tofauti, mteja anazipanga chini na kuuliza kama zimetoka kwa mafundi wawili. Halafu zile bobari alizifua mwenyewe kutokana na springi ya Land Rover. Kila anayenoa kwa kubahatisha anakula chuma kuitafuta pembe aliyoipoteza jana. Jigi inarudi palepale. Inagusa, inaondoa unywele, basi. Chuma cha miaka mitatu kinakwenda miaka kumi.

Hebu nikueleze inavyofanya kazi, maana siku ile hukuiuliza. Bobari inafungwa ndani ya jigi huku ncha imetokeza mbele kipimo maalumu, na kwetu ni milimita 45. Jigi ina mguu mmoja, na mguu huo unakaa kwenye kidaka, kitundu cha kuupokea, kilicho mwisho wa mhimili unaopita chini ya jiwe. Ukishaikalisha unaizungusha tu kushoto na kulia, na makali yote, ubavu mpaka ubavu, yanapita kwenye jiwe kwa mwinamo ule ule. Vitu vitatu ndivyo vinavyoamua pembe: ncha imetokeza kiasi gani, kidaka kiko mbali gani na jiwe, na mguu wa jigi umepinda vipi. Badilisha kimoja na umebadilisha bobari. Jiwe nalo halikai lilivyo. Lililoanza na kipenyo cha milimita 200 linapungua kila mwezi, kwa hiyo kidaka lazima kilifuate.

Ndiyo maana Baba akachonga kile kibao. Kipande cha mfenesi, kirefu kama kiganja na kidole, kina ngazi mbili upande mmoja za kupimia ncha inavyotokeza, na kichwa cha mviringo upande wa pili cha kuegemeza kati ya kidaka na uso wa jiwe. Unasogeza mhimili mpaka kibao kiguse, unakaza, umemaliza. Juu yake aliandika kwa penseli, kwa zile herufi za Kiarabu alizojifunzia chuo cha Kurani, ngazi moja "mguu", ya bobari za miguu ya vitanda, na nyingine "bakuli", ya bobari za mabakuli. Wino wa kalamu hakuutaka kwa kuwa unalowea mfenesi na kutawanyika.

Kibao hicho ndicho ulichokitia motoni.

Nilikuwa nimekwenda Mwanakwerekwe kuongeza mchele. Mmesafisha banda ili mikeka itandikwe, sawa, ilikuwa lazima. Nimerudi, moto umeshika chini ya sufuria la pilau, na baina ya mafiga naona manjano ya mfenesi. Ngazi ya "mguu" ilishakuwa kaa. Neno "bakuli" lilikuwa bado linasomeka, penseli inang'aa juu ya mbao iliyoungua, na wewe umesimama na upawa unakoroga. Nikainama kukitoa. Ukaniambia, "Kipande cha mbao tu hicho, kuni zimetuishia." Nilipokwambia ni kipimo cha Baba, ukacheka kidogo, ukawageukia wazee, ndipo ukasema lile la mkongojo.

Kukitupa nimeshakusamehe siku nyingi. Ulikuwa umechoka, umetoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi makaburini, na banda lilijaa vipande vya mbao vya kila namna; mtu asiyejua angejuaje. Ni kile kicheko, Kaka. Nimekikalia miaka yote hii na hakijashuka.

Kisha kesho yake ukataka kunionyesha. Ukachukua bobari ya Baba, ile nyembamba ya miguu ya vitanda, ukawasha mashine, na kwa mkono mtupu ukainoa. Sitakunyima haki yako: mguu wa kitanda uliokereza asubuhi ile ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kutoa mimi. Mkono wako ni mkono. Shingo zake zilikuwa kali, pete zimekaa sawa, hata msasa haukuhitaji. Majirani walisimama mlangoni. Nilijivuna na wewe, Wallahi.

Lakini hukuitazama ncha. Mashine ile ya kunolea inazunguka kama mara 2,850 kwa dakika, na jiwe wakati huo lilikuwa la kijivu, gumu, la kusagia vyuma vya geti. Ncha ya bobari ilikuwa imegeuka buluu. Wewe unajua maana yake, maana Baba alitufundisha sote wawili kwenye ndoo ile ile ya maji. Chuma cha springi kikifika buluu, kwenye nyuzi kama 300, ugumu wake umeondoka. Mguu wa kwanza ulikata. Wa pili ukaanza kuparua badala ya kukata, na wakati huo wewe ulishapanda ndege. Mimi ndiye niliyesaga ile buluu mpaka nikaimaliza, na nilipoimaliza, mteremko wa Baba, ule mwinamo wa nyuma ya makali, ulikuwa umekwenda nao. Kibao kimeungua, bobari imesagwa. Ndiyo maana leo hakuna mtu hapa duniani anayeweza kukwambia Baba alikuwa akikereza miguu ya vitanda kwa pembe gani. Mimi natumia nyuzi 40 kwa miguu na 55 kwa mabakuli. Zinanifaa kwenye mfenesi na msaji, na zimelisha nyumba. Kama ndizo zake, au zinakaribia, au ziko mbali, sijui, na siwezi tena kujua.

Unamwambia kijana kwamba mkono hukumbuka. Kweli, mkono wako unakumbuka, kwa sababu ulikaa chini ya Baba tangu una miaka tisa. Huyu amekuja ana kumi na saba, na ana mwaka mmoja kabla hujamwita. Unataka autumie wote kuharibu vyuma? Kwenye kerezo mtu ananoa mara nyingi kwa siku, tena mara nyingi zaidi akipata mpingo. Akinoa kwa mkono asiokuwa nao bado, mteremko unatoka na nyuso tatu nne. Anapoulaza juu ya mti inayogusa ni uso mwingine, makali yamening'inia, bobari inang'ata, mti unaruka. Nimeona kidole cha mtu kikienda hivyo, na wewe umekiona pia, kwa hiyo tusifichane.

Kwa hiyo huyu nimemwanzisha kwenye jigi. Kabla ya kuwasha chochote anagonga jiwe kwa mpini wa mbao alisikilize: likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti iliyokufa lina ufa na halifungwi. Akiwasha anasimama pembeni mpaka lichangamke. Miwani machoni, mikono ya shati imekunjwa. Kiegemeo kilicho mbele ya jiwe hakiachi nafasi zaidi ya milimita tatu na jiwe. Anaupaka mteremko wote rangi ya maka peni, anazungusha jiwe kwa mkono, anatazama rangi imekwanguka wapi. Ikitoka kisiginoni tu, anasogeza mhimili. Ikitoka nchani tu, vilevile, kwa upande wa pili. Ikitoka kote, anawasha. Bobari za springi anachovya majini kila baada ya mguso. Zile za hai-spidi hachovyi kabisa, kwani hizo zinastahimili joto mpaka karibu nyuzi 600, lakini baridi ya ghafla inazitia nyufa ambazo jicho halizioni, kisha makali yake yanameguka. Juzi nilimkuta anataka kusawazisha msumari wa shaba wa mlango kwenye jiwe jeupe tunalonolea sasa. Nilimzuia kwa sauti kubwa, shaba ingeziba jiwe lote, akaogopa. Mwambie ami yake si mkali, ni jiwe ndilo la thamani.

Na jiwe hilo jeupe umelileta wewe. Ulilibeba kwenye begi la mkononi, ukakaguliwa nalo kiwanja cha ndege, na tangu lifungwe sijaunguza hata ncha moja. Nikishika jiwe hilo nakuombea, na nikikumbuka moto ule wa pilau naweka bobari chini kwanza. Vyote viwili ni kweli na sijui vinakaaje ndani ya mtu mmoja.

Watu wananiambia mimi nang'ang'ania jigi kwa sababu mkono wangu haujafika wako. Na waseme. Mimi ndiye niliyebaki. Nimewakerezea nguzo za ngazi watu ambao Baba aliwaahidi akafa hajamaliza, na zimekaa sambamba na alizozitoa yeye kabla, mteja hakuona zinapoanzia za mtoto. Ni jigi iliyofanya hivyo. Patasi ya mshazari mpaka leo nainoa kwa kuegemeza tu, bila jigi, kwa kuwa hiyo Baba mwenyewe hakuifungia kitu. Kwa hiyo usimwambie kijana kwamba nimeacha njia ya mzee. Njia ya mzee ina kipande wewe hukukitembea.

Nakuomba mambo mawili. Mpigie, si sauti ya kurekodi, mpigie azungumze na wewe, umwambie mwaka huu amsikilize ami yake. Ukija Idi kubwa, mchukue wewe wiki nzima umfundishe kusikiliza jiwe, maana hilo mimi siwezi kumfundisha kama wewe. La pili: nimechonga kibao kipya cha mfenesi, na upande wa "bakuli" nimeuandika mwenyewe kwa mwandiko wangu mbaya. Upande wa "mguu" sijaandika. Mwandiko wako unafanana na wa Baba. Uje na penseli.