Daftari la wageni lisiachwe wazi kaunta

Mhariri,

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Hapa Mbeya, wafanyabiashara wengi ninaozungumza nao Mwanjelwa bado wanadhani inahusu benki na kampuni za simu tu.

Si kweli. Ingia gesti nyingi za karibu na stendi, utakuta kitabu cha wageni kimelala wazi kaunta: jina, namba ya simu, kabila, utokako na uendako. Anayeandika baada yako anakusoma wewe wote. Binti aliyelala hapo akianza kusumbuliwa usiku na namba asiyoijua, tusishangae imetoka wapi. Na kabila, kwa kweli, la kazi gani? Nimeshuhudia hata nakala za vitambulisho vya NIDA zikifungiwa karanga sokoni. Inauma sana.

Sheria inamtaka anayekusanya taarifa ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, aseme anazitaka kwa kazi gani, achukue zinazohitajika tu na azilinde. Kuanza hakuhitaji mtaji: mhudumu aandike mwenyewe, daftari likae kwenye droo yenye kufuli, nakala zisizohitajika zichanwe.

Naiomba Tume isiishie mijini mikubwa. Ifike Tunduma, Makambako na Mafinga. Maofisa biashara wa halmashauri, ambao hupita madukani kukagua leseni, wapewe mafunzo ili watuelimishe kabla ya kututoza faini.

Mfanyabiashara,
Mwanjelwa, Mbeya