Gari la doria halichaguliwi kwa sifa za mtaani

Mhariri,

Watu wanauliza mbona polisi wa Marekani hawaendeshi Toyota wala BMW wakati ndo magari yanayosifiwa. Jamani, polisi wa jimbo la Michigan kila mwaka wanapima magari ya doria, spidi, breki, kona, hadi dereva anavyokaa, na idara nyingine zinaangalia hayo matokeo kabla ya kuagiza. Ford Explorer ya polisi unaweza kuiagiza waya za taa zikiwa zimeshapitishwa kiwandani, siti za mbele zimechongwa pembeni ili mkanda wa bastola usikwame, na altaneta, yaani kile kifaa kinachozalisha umeme wa gari, lazima iwe na nguvu maana gari linakaa muda mrefu linaunguruma tu halisogei huku taa na redio vinakula umeme. Kampuni ya nje ihangaike na yote hayo kwa soko dogo vile? Halafu ukibadili brandi unanunua vizimba vipya vya kuwekea watuhumiwa ndani ya gari, spea mpya, mafundi wanarudi darasani. LAPD, yaani polisi wa jiji la Los Angeles, walikodi magari 100 ya umeme aina ya BMW i3 mwaka 2016, ila si za kukimbizana na wezi. Kwenye pikipiki BMW wamepenya kweli. Na siasa nayo ipo bwana, diwani anaogopa kuulizwa kwa nini kodi inanunua gari la kigeni, hata kama Toyota Camry yenyewe inaundwa hukohuko Marekani, jimbo la Kentucky.

Msomaji wako