Idd Mubarak kutoka kwa wapiga daku wa Bagamoyo

Idd Mubarak jamani! Idd njema kwa wazazi, majirani, watoto wetu wote wa kikundi chetu cha ngoma na maigizo, na nyie mliohamia Dar mkajifanya hamna nauli ya kurudi. Na kwa ndugu zetu ambao bado wako kwenye Kwaresma, manake mwaka huu tulianza kufunga wiki ile ile, sie tumemaliza nyie mnaendelea, poleni, harufu ya pilau haifunguzi mtu, piteni tu mnuse, na Pasaka ikifika tutakuja na sahani zetu kama kawaida.

Naandika hii nimekaa kwenye gogo nyuma ya ukumbi wetu, ukumbi wenyewe mnaujua, bati juu, nguzo, na simenti iliyopasuka pale kati ambapo kila mgeni lazima ajikwae. Mvua zimeanza kwa hiyo ngoma zote zimelegea, ngozi na unyevu haviivani kabisa, na hapa mbele yangu vijana wamewasha vifuu wanaziotesha moto, mmoja anagonga anasikiliza, anaigeuza kidogo, anagonga tena, ile sauti ya dubu dubu kama mtu anapiga godoro taratibu inaanza kukaza. Babu mlinzi kasimama pembeni na ndoo ya maji, hakai, hata umwambie babu pumzika leo Idd hakusikii. Mtu aliyekuwepo mjini hapa 2002 ukumbi wa Chuo cha Sanaa ulipoungua huwezi kumwambia moto mdogo. Yeye moto kwake wote ni mkubwa.

Mwezi mzima ngoma hizi hazikuguswa. Kwa asiye wa pwani nimueleze, sisi huku Ramadhani ngoma inalala. Mwisho wa Shaabani tunavunja jungu, tunakula na kucheza kama hakuna kesho, halafu mwezi ukionekana tu kila kitu kinaning'inizwa ukutani. Harusi hakuna, maulidi ya kualikwa hakuna, maonyesho hayapo na hata ungeweka nani angekuja, watu wako tarawehe. Watu wa imani wanaona ni utulivu, na kweli ni utulivu, ila kwa kikundi kinachoishi kwa kualikwa maana yake ni mfuko mtupu siku 29 au 30 mfululizo. Na mwaka huu tulishaingia nao ukiwa mtupu. Kuna shirika moja, jina naliacha, tuliwaigizia kuhusu usafi wa mazingira tangu mwezi wa kumi na moja, watoto walicheza juani mara tatu kwa siku moja, mpaka leo ukipiga simu unaambiwa malipo yako kwenye mchakato. Haya, mchakato na wao Idd Mubarak.

Aliyetubeba mwezi huu ni Mama Mavazi. Wengi mnamwona siku ya onyesho anakimbia na pini mdomoni mkadhani kazi yake ni hiyo tu. Yule ni fundi cherehani, Ramadhani ndo mavuno yake, magauni ya Idd, vikanzu vya watoto, kila mtu anataka chake kiishe leo. Sasa katikati ya mavuno yake alikuwa anatoa hela ya uji na tambi za kufuturu hao watoto wanaokuja mazoezini, na hakusema, mie nimejua juzi tu kwa muuza duka. Na vipande vilivyobaki vya vitambaa vya wateja kaviunga na kaniki zetu kuukuu, njooni muone, sketi za wasichana mwaka huu zina rangi ambazo hata yeye hajui zinaitwaje.

Mazoezi hayakusimama lakini, tulikuwa tunakutana baada ya tarawehe, tunakaa chini kwenye mkeka tunasoma maneno kwa sauti ya chini. Bila ngoma. Hapo ndo nilipopata tabu na dogo mmoja wa Nianjema. Huyu ni mpigaji, mkono wake ukisikia utadhani mtu mzima, ila ni mtoto anayejificha nyuma ya ngoma, ukimwambia sema mstari mmoja anaangalia vidole vya miguu. Mwaka mzima nimemwacha kwa sababu ngoma ilikuwa inamsemea. Ramadhani ngoma haipo, kwa hiyo kila usiku zamu yake ikifika ni kimya, wenzake wanacheka, mie nasema tuendelee, na moyoni najiambia huyu wa kubaki na fimbo zake tu basi.

Ila nimesema ngoma zote zinalala na nimesema uongo kidogo, moja hailali. Ya daku. Saa tisa za usiku vijana wanatoka na ngoma moja ndogo na makopo ya rangi, wanazunguka mitaa kuamsha watu wale kabla ya alfajiri. Usiku mmoja, kama wiki ya pili hivi, mie niko macho nachuja uji nasikia kundi linakuja, na mbele kuna sauti inaita nyumba kwa nyumba, sio kelele, anaita kila mtu kwa mambo yake. Mama fulani amka jana ulipitiwa ukamlaumu mumeo! Mzee wa kona, meno yako yako kwenye kikombe, kikombe kiko dirishani! Bibi jirani yangu akajibu humo humo ndani, we mjukuu wa nani wewe, kesho nitakushika, na yule mtoto bila kupumua akamrudishia, kesho nipo bibi ila wewe ndo utakuwa umelala. Mtaa mzima ulicheka gizani, unasikia vicheko vinatoka kwenye madirisha. Nikatoka na mwiko wangu mkononi. Alikuwa yeye! Kaniona akanyamaza, akaanza kuangalia vidole.

Mie hii kazi nimeifanya muda, na mji huu kwa sanaa hauhitaji kujisifu, chuo kipo tangu 1981, tamasha lake lilianza 1982, sarakasi ambayo watoto wetu wanapanda mabegani ni ile ile ya vijana waliopelekwa China miaka ya 60 wakaja kuwafundisha wengine. Mzee Hukwe Zawose alitoka kwao Dodoma na zeze lake na ilimba, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, akafundisha hapa na hapa hapa akafariki, 30 Desemba 2003. Lakini chuo kinataka cheti na ada, na wetu ni wa shule ya msingi na waliomaliza la saba wako mtaani, na bado kuna wazazi wanaoniambia usoni bi mwalimu huo ni uhuni. Nawaelewa. Mtoto akirudi nyumbani saa nne za usiku na mkono mtupu hata mie ningeuliza. Bas mzazi wa namna hiyo leo simwombi chochote, namwomba aje akae tu.

Manake kesho Idd pili, baada ya isha, tunaonyesha. Mchezo wenyewe tuliokuwa tunasoma mwezi mzima tumeukata nusu, tumeweka daku. Ndio, daku nzima, makopo, bibi wa dirishani (kakubali kucheza mwenyewe, anasema hamna mtu wa kumwiga), na yule dogo mbele. Jana tumejaribu na taa zikiwaka akaganda kama kawaida. Kaka wa mitambo, huyu naye mjueni, ndo anayebeba spika kwenye baiskeli na kutengeneza taa kwa makopo ya maziwa, alimwita pembeni wakanong'ona. Nikauliza mnapanga nini. Dogo akasema kwa sauti ambayo ilibidi niiname, anaomba taa zizimwe mpaka amalize nyumba ya tatu.

Nikamwambia mwanangu watu wamekuja kuona. Kaka wa mitambo akaingilia, bi mwalimu, mie kazi yangu ni taa, na giza pia ni kazi yangu, niachie.

Nimemwachia. Kwa hiyo kesho mkija mkakuta ukumbi mweusi msianze kupiga miluzi eti umeme umekatika (na ukikatika kweli safari hii hatujali), kaeni kwenye mikeka, njooni nayo maana viti ni vya wazee, shikeni watoto wadogo wasije wakaangukia ule ufa, na mkisikia mtu anaitwa jina lake gizani aitike. Kiingilio ni mkono wa Idd, chochote ulichonacho, unampa Mama Mavazi mlangoni. Babu mlinzi atakuwa na ndoo yake.