Risala ya chama cha bustani ya kartie yetu, Goma, mbele ya Muheshimiwa mugeni wa heshima

Muheshimiwa mugeni wetu wa heshima, shefu wa kartie, mashefu wa avenyu na wa nyumba kumi, wachungaji, mapadri, wazee wetu, wamama wa chama, na nyie watoto wenye mumepanda juu ya ukuta (mushuke tafazali), jambo kwenu wote.

Muheshimiwa, asante kwa kukubali kuja. Tunajua kazi zako ni mingi. Barua ya kwanza yenye tulikuandikia ilipotea, ya pili nayo ikapotea, ya tatu njo ilifika, na leo uko hapa mwenyewe, basi Mungu asifiwe.

Historia hatutairefusha. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, moto ikapita katikati ya muji mpaka ikaingia ndani ya ziwa, na huku kwetu ikabaki jiwe nyeusi tupu, hata nyasi hapana. Watu walirudi wakajenga juu ya jiwe. Wamama saba wakasema basi tutakula jiwe mpaka lini, wakaanza kuleta udongo ndani ya mifuko toka upande wa Kibumba, wanavunja jiwe na nyundo, wanajaza shimo udongo, maganda ya ndizi, mavi ya sungura na ya dende. Huyu mama muzee wa kitambaa ya njano njo alileta mufuko wa kwanza, kwa kichwa. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ikatoka tena, tukakimbilia Sake, tukarudi tukakuta sungura zimekufa na lenga-lenga (mchicha) imejipanda peke yake. Historia imeishia hapo.

Bila kujisifu, chama hiki kimebadilisha sura ya Goma. Kartie nzima inakula mboga yetu, ao tuseme avenyu tatu, lakini avenyu tatu za hapa ziko na watu kupita vijiji vingi. Barabara ya Kibumba ikifungwa na shu (kabichi) haifiki sokoni, ni kwetu wanakimbilia. Tulipanda miti 40, zimebaki 11, zingine zililiwa na mbuzi, na wenye mbuzi wako humu wameketi, tunawaona.

Sasa Muheshimiwa tufike kwenye neno lenye lilituita hapa. Ni mayi.

Mutu akifika Goma anaona ziwa Kivu anasema nyie mumebarikiwa. Kweli, ziwa iko pale chini. Lakini jiwe ya volkano haishikake mayi, mvua inanyesha inapotea chini kama kwenye kichungi, na muji wote huu hauna hata mutoni mumoja. Utasema basi muchimbe kisima. Kisima kwa jiwe hii ni kazi ya mashini, na kuna pahali ukishuka ndani ya shimo unakuta mazuku, ile hewa mubaya yenye inalala chini, mutu anainama na hainuke tena. Kwa hiyo mayi yetu inapanda toka ziwani ndani ya bidoni. Lenga-lenga inakomaa kwa wiki tatu ao ine, lakini Juni mpaka Agosti inataka mayi asubuhi na jioni, sasa mama anaamuka saa kumi ya usiku anashika foleni, anamulipa kijana wa tshukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo, bidoni ine za litri 20, njo litri 80 ile, inafika nyumbani watoto wanataka kunywa, kuna kupika, kuna kufua, na mboga inangojea yenye imesafisha sahani. Inakubali, ila sabuni ikizidi majani inajikunja.

Hii hanga yenye tumeketi ndani yake, manjanja (mabati) yake iko mita 10 kwa 6. Mwalimu mumoja wa hesabu alitupigia: mvua ya milimita 20 tu, kama ile ya juzi, inamwanga hapo juu litri 1200. Ni safari 15 za tshukudu! Yote inashuka kwa ukuta inapotea ndani ya jiwe, na sisi tunaiangalia. Ile mvua ya kwanza tutaiacha ipite, maana inachukuaka majivu na moshi ya volkano yenye inakaa juu ya manjanja, inaunguza majani. Ya nyuma njo tunataka kuweka. Tunaomba tanki moja ya litri 5000, gutiere ya kukusanya mayi ya manjanja, na robine.

Muheshimiwa, hatufiche, hii ombi si mupya. Mugeni wa kwanza, mbele ya volkano ya 2021, alituma simenti, vijana wakamwanga dale, sakafu ya simenti ya kuweka tanki, kwa siku mbili, wakaandika tarehe na musumari, akasema tanki iko njiani. Hiyo njia ni ndefu. Mugeni wa pili alikuja kisha volkano, aliandika kila kitu ndani ya kaye, tunajua aliandika maana aliomba stilo yetu, na stilo haikurudi. Wa tatu alikuja na watu wa foto, akashika arozuari, akamwangilia lenga-lenga na jiwe vilevile, bidoni nzima ya mama mumoja mwenye tunaficha jina lake. Wote walikuwa watu wazuri. Walikula vizuri pia.

Wewe hauko kama wale, njo maana tumekuheshimu na kiti. Pale kiti chako kimewekwa, Muheshimiwa, ni juu ya ile dale. Tarehe iko karibu na mguu wako wa kuume. Hatukufanya kwa kusudi, ni pahali pamoja tu penye pako sawasawa.

Hatuombe makuta kwa mukono. Ununue tanki wewe mwenyewe kwa depo, uitume na lori, sisi tutatoa mucanga, vijana, na kazi yote ya kuifunga. Devi, karatasi ya bei, iko na sekretere, ni ukurasa mumoja. Ukiona haiwezekani, utuambie leo leo, hatutakasirika, chakula utakula vilevile: ni sambaza, bugali, na lenga-lenga ya bidoni.

Stilo iko juu ya meza, imefungwa na kamba. Utusamehe kwa ile kamba.

Ni sisi, komite ya chama.