Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa chama ni akina nani? Barua ya wazi kutoka Njoro

Kwa Mwenyekiti wa Chama,
Tawi la Kaunti ya Nakuru.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu kutoka Njoro. Chama chetu sitakitaja kwa jina. Wahusika watajijua, na wa vyama vingine wakisoma watadhani nawasema wao. Huenda hawatakuwa wamekosea.

Nakuandikia kuhusu orodha ya wajumbe, wale watakaoteua wagombea wa chama kwa niaba yetu. Majuzi tuliitwa hoteli moja mjini Nakuru kwa kile kilichoitwa mkutano wa mashauriano. Baada ya chai na mandazi katibu alitoa simu mfukoni, akaanza kusoma majina ya wajumbe, wadi baada ya wadi, mbiombio. Alipofika kwetu, wawili kati ya waliotajwa sikuwahi kuwasikia, na mimi nauza mbegu na mbolea hapa Njoro, si rahisi mtu mzima wa wadi hii anipite. Wa tatu ni shemeji ya mtu anayetaka kiti cha uwakilishi wadi. Niliinua mkono nikaomba nakala. Nikajibiwa, "Itatumwa kwa grupu, mzee."

Grupu hiyo tangu siku ile imeleta salamu za asubuhi zenye maua, matangazo ya mazishi, na picha za mheshimiwa mmoja akikabidhi viti vya plastiki. Orodha haijaonekana.

Sipingi mfumo wa wajumbe, Mwenyekiti. Wenzangu huniita mhafidhina, na jina hilo silikatai. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa yaliyotiwa saini Januari 2022 yanaruhusu chama kuteua wagombea kwa njia mbili: wanachama wote wapige kura ya mchujo, au wajumbe wapige kwa niaba yao. Vijana wengi chamani wanataka mchujo wa wote na wanaona wajumbe ni mbinu ya wakubwa. Mimi naona kinyume. Mchujo wa wazi tumeuona. Aprili 2017 chama tawala cha wakati huo, Jubilee, kilianza mchujo wake katika kaunti kadhaa, na siku hiyo hiyo kikalazimika kuufuta na kuupangia tarehe mpya, kwa sababu karatasi za kura hazikutosha na kwingine hazikufika. Hata karatasi zikifika, bila daftari la wanachama linaloaminika kila mwenye kitambulisho ni mwanachama kwa siku moja. Anakuja kwa lori la mwaniaji, anapiga kura, anarudi kwa chama chake. Anayenufaika ni mwenye malori.

Wajumbe ni njia tulivu na ya gharama ndogo. Mjumbe ni mtu mwenye anwani, jirani zake wanamfahamu, na akiuza kura yake tutakutana naye sokoni siku inayofuata. Lakini nguvu yote ya mfumo huo iko katika swali moja: huyo mjumbe alichaguliwa na nani? Akiwa amechaguliwa na wanachama wa wadi yake, ni mwakilishi. Akiwa amechaguliwa na katibu kwenye simu, basi tiketi imeshatolewa kabla ya mchujo, na hiyo siku ya kupiga kura ni karamu tu.

Kifungu cha 91 cha Katiba kinasema chama kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia, na kifanye chaguzi za mara kwa mara, huru na za haki ndani yake. Hakuna sheria mpya inayohitajika hapa. Hili nalisema kwa sababu kila nikiligusa jambo hili mtu huniambia tungoje Bunge lirekebishe sheria tena. Tumerekebisha vya kutosha. Tufuate iliyopo.

Wewe ni mkubwa wangu kwa umri, kwa hiyo unaikumbuka KANU ya Nakuru, enzi ikiwa chama pekee nchini, kuliko mimi. Enzi za mwenyekiti wake Kariuki Chotara tawi la hapa lilikuwa na nguvu za kutisha. Vijana wa chama, yuthwinga, walisimama kwenye lango la soko na kwenye stendi ya matatu wakidai kadi. Halafu ukaja mlolongo wa 1988, watu wakipiga kura kwa kujipanga foleni nyuma ya mwaniaji wao, ambapo aliyepata asilimia 70 ya waliojipanga alihesabiwa ameingia Bungeni bila kura ya siri kupigwa, na kuna mahali mlolongo mfupi ulitangazwa mshindi mchana kweupe. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka kurudi huko. Lakini kuna kitu kimoja KANU ilikuwa nacho ambacho sisi hatuna: ofisi iliyofunguliwa. Ungeweza kuingia, ukamkuta karani, ukalipa, ukapewa risiti. Sisi tumeondoa vitisho, jambo jema, tukaondoa na karani pia.

Nenda uione ofisi yetu ya kaunti, ukiwa peke yako, bila msafara. Ngazi ni zile zile. Mlangoni pana bango la mwaniaji wa 2022 ambalo jua limelifuta uso, imebaki tai tu. Kufuli imeota kutu. Mama anayeuza viatu vya mitumba chini ya ngazi huulizwa na wageni mahali mlipohamia, naye huwaambia hamkuhama, hamji tu.

Na pesa? Sheria inataka Hazina ya Vyama vya Siasa ipate angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Najua vyama vimelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba fungu hilo halitolewi lote. Sawa. Lakini kidogo kinachofika ni kodi ya wananchi, ukiwemo ushuru ninaolipa mimi, na mtu anayetaka serikali ibane matumizi hawezi kufumba macho chama chake kikitumia fedha za umma bila hesabu kubandikwa popote. Tukiwa jukwaani tunahubiri nidhamu ya fedha. Tuanzie na kufuli ile.

Tawi lina kazi nyingine ambayo imesahaulika. Kila mwaka kaunti hutunga sheria yake ya fedha, inayopanga ada za leseni na za soko. Chama kinachojiita cha wafanyabiashara na wakulima kingewaita wanachama wake mapema, wa Molo waseme habari ya viazi, wa Naivasha waseme habari ya samaki, kisha wawakilishi wadi wetu waende kwenye bunge la kaunti wakijua tunataka nini. Badala yake tunakutana nao kwenye matanga. Halafu tunashangaa vijana wakituruka. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, barabara za mji huu zilijaa watoto wetu, na Rais akakataa kuutia saini mswada ule siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni Nairobi. Mimi si mtu wa maandamano, na kuvamia Bunge sikukubali hata kidogo. Lakini nilimuuliza kijana anayenisaidia dukani kwa nini hakuenda kwanza kwa chama. Akaniuliza, "Chama kiko wapi?" Sikuwa na la kumwelekeza zaidi ya mama wa mitumba.

Hatari ya jambo hili Nakuru ni kubwa kuliko kwingine, nawe unajua sababu. Tunaishi hapa Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya, Wajaluo, Waturkana na wengineo, na Molo na Kuresoi zilishawaka moto wa machafuko ya kikabila zaidi ya mara moja tangu 1992. Kaunti ina maeneo bunge 11 na wadi 55. Wadi za Mauche na Kihingo, zenye wakazi wengi wa jamii tofauti, ziko katika eneo bunge moja la Njoro, lakini ukiwapa upande mmoja wajumbe wote, upande wa pili utasikia ujumbe ambao hukuutamka. Orodha iliyofichwa huzaa uvumi, na mwaka wa uchaguzi uvumi hautakiwi. Kura ni Agosti 2027. Si mbali.

Basi naomba haya. Majina ya wajumbe wa kila wadi yachapwe kwenye karatasi na yabandikwe hadharani, na wanachama wapewe muda wa kuyapinga. Mlangoni pa duka langu pana nafasi, sitatoza kitu. Wadi ambayo haikuchagua wajumbe wake ichague upya, mbele ya watu, kutoka kwa wanachama waliokuwepo kabla msimu huu wa kutafuta tiketi haujaanza. Aliyehamia chamani juzi karibu sana, akae, anywe chai, ujumbe atausubiri. Na ofisi ifunguliwe, hata kama ni siku mbili kwa wiki, karani awepo na kitabu cha risiti.

Najua kuna watakaokuambia nimetumwa na mpinzani wako wa ndani. Sijatumwa. Sitaki kiti chochote, na ukigombea tena uenyekiti huenda nikakupigia kura, kwa sababu umetuweka pamoja wakati wengi walikuwa wanakimbilia vyama vipya vyenye rangi mpya na wenyewe wale wale.

Nakala rasmi ya malalamiko haya nimeituma kwa kamati ya usuluhishi ya chama, maana sheria inanitaka nijaribu njia za ndani kabla ya kugonga mlango wa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa. Ningependelea jambo hili liishie kwenye kamati. Jumatatu ijayo saa nne asubuhi nitapanda ngazi zile kuja kuchukua orodha.

Wako katika chama,
Mwanachama, Wadi ya Njoro.