Barua kwa Ilunga, kutoka Lubumbashi

Ndugu yangu Ilunga,

Barua yako kutoka Dar es Salaam imefika, na sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu sana, anauliza kama huko unapata bukari ya kushiba.

Unasema darasani kwenu mmekubaliana kwamba nchi zetu ziliharibika kwa sababu ya kutaifisha. Hapo sikubaliani nanyi. Januari 1967 serikali ya Mobutu ilichukua mali ya Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, hapa Katanga. Februari, Nyerere akatangaza Azimio la Arusha na mabenki yakataifishwa. Shaba yetu haikukauka kwa hilo. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, bado ilitoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka.

Mimi naona pigo lilianza tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni wapewe wazalendo. Unalikumbuka duka la Kamalondo ambalo baba alikuwa mtunza stoo wake? Mwenye duka alikuwa Mgiriki, na baba ndiye aliyeandika daftari: chumvi, samaki wakavu, sabuni, vitenge, mafuta ya taa, na deni la kila muuzaji wa jumla. Yule aliyegawiwa duka alikuja na gari, akaomba ufunguo. Daftari hakuliuliza. Akauza kila kilichokuwamo, fedha akaondoka nayo, madeni hayakulipwa, na wauzaji wa jumla wakakataa kukopesha tena. Baba anasema mwaka haukuisha, rafu zikabaki na viberiti tu. Mwaka 1976 wageni wakaambiwa warudi wachukue mali zao, lakini wengi hawakurudi. Na bei ya shaba ilikuwa imeshaanguka, deni la nje likizidi kupanda.

Gécamines nayo ikala ugonjwa uleule. Fedha za shaba zilivutwa na wakubwa, vipuri havikununuliwa, mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Kisha, kuanzia 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa jina la kuondoka kwa hiari. Wababa waliotumika miaka thelathini! Hiari gani, ndugu yangu, kwa mtu ambaye hajalipwa mshahara miezi mingi?

Kwa hiyo, mali ikishikwa na serikali au na kampuni ya kigeni, mimi nauliza kwanza nani anaandika hesabu na nani anaruhusiwa kuisoma. Sheria yetu ya madini ya 2018 ilipandisha mrabaha wa kobalti hadi asilimia 10 baada ya kutangazwa madini ya kimkakati, na asilimia 15 ya mrabaha inapaswa kwenda kwa serikali ndogo za mahali, yaani sekta za vijijini na miji, ambako mgodi upo. Hiyo ni haki yetu, nami naitetea kwa moyo wote. Ila shule za huku bado watoto wanakaa chini.

Nakuomba uwaulize wenzako wanaotoka Geita: halmashauri yao ikipokea ushuru wa migodi, hesabu zinabandikwa wapi, na mwananchi wa kawaida anazisomaje? Niandikie mapema, tunataka kupeleka ombi kama hilo kwa bourgmestre wetu, yaani meya wa eneo letu.

Wako,
Kasongo